Wifi wa Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hupendwa sana na watu waliosimama wima. Humsomea mwenzao, kisha huenda zao na migongo iliyonyooka. Maana yake haina fumbo: anayetaka kilicho chini hana budi kushuka kukifuata, na anayetaka msaada hana budi kuweka majivuno kando. Kuielewa ni rahisi. Kuitii ndiko kunakouma kiuno, na aliyeumwa kiuno katika kisa hiki ni mwanamke aliyeitwa Bi Nukta.

Jina hilo alipewa na mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, kwa sababu hakuna sentensi iliyopita mbele ya mkewe bila kukaguliwa. Alikuwa mhariri wa vitabu vya shule mpaka kampuni yake ilipofungwa. Tangu hapo alikaa nyumbani akisahihisha maandishi ya kwenye pakiti za sabuni. Asubuhi ya kisa hiki, saa nne, alikuwa na usaili wa kazi ya uhariri kwa njia ya mtandao. Usaili ulikwisha kuahirishwa mara moja kwa ombi lake, na katibu wa jopo alimwambia waziwazi kwamba hautaahirishwa tena.

Alivaa blauzi aliyoipiga pasi mpaka ikakoma kubishana naye, akafungua kompyuta yake mpakato. Kwenye kona ya kioo, palipozoea kuwa na alama ya mtandao, palikuwa na alama nyekundu ya kosa, kama zile alizokuwa akiwachorea waandishi. Alizima, akawasha. Alama ilikuwa palepale.

Sasa, msomaji, ruta haikuwa chumbani kwake. Kisanduku hicho cha kusambaza mtandao kilikuwa chumba cha pili, mvunguni mwa kitanda cha wifi yake, dada wa mumewe, mjane aliyehamia kwao na cherehani yake. Yeye ndiye aliyekisukumia huko akidai kuwa vijitaa vyake vinamkonyeza usiku. Kaka yake alipenda kutania kwamba mkewe hawezi kulalamika kukosa wifi: ya kunasa mtandao ipo, na wa kushona nguo yupo.

Lakini siku hizo wifi wa kushona alikuwa hanasiki. Alikuwa ametundika kibao mlangoni, VITAMBAA YA MAUA IKO HAPA, na Bi Nukta akatoa kalamu nyekundu akakisahihisha mbele ya mteja. Mteja alicheka. Wifi alikishusha kibao, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Akiwa na la kusema, aliuambia ukuta: "Ukuta, kama unasikia, maji yamechemka."

Bi Nukta hakuwa tayari kubisha mlango ule. Alichukua simu yake ya vitufe, maana ile yenye intaneti ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo, akampigia fundi wa kompyuta.

"Kabla ya yote, mama," fundi alisema, "taa za ruta zinawaka?"

Bi Nukta aliutazama mlango uliofungwa. Cherehani ilikuwa ikinguruma ndani.

"Zinawaka zote."

Ulikuwa uongo mkavu, na uongo kwa fundi ni kama uongo kwa daktari: dawa utapewa, ila ya ugonjwa wa mtu mwingine. Fundi aliamini kuwa kosa liko kwenye kompyuta. Akamwagiza achomoe chaja na betri, asubiri, arudishe. Akamwagiza aizime kadi ya mtandao na kuiwasha. Akamwagiza aifute kabisa programu ya kadi hiyo ili kompyuta iipange upya. Kompyuta nayo ikajifunga, ikaandika TAFADHALI SUBIRI, ikakaa hivyo huku saa ya ukutani ikitembea. Aliwaza kwamba amekwisha, na kwamba hata pakiti za sabuni zingemcheka.

Ilipofunguka, alama nyekundu ilikuwa palepale.

"Mama," fundi alisema taratibu, "una hakika na zile taa?"

"Ngoja... ngoja nikaangalie tena."

Aliinua mkono mbele ya mlango, akaushusha. Huenda wifi ameuchomoa waya kwa makusudi, alijiambia. Huenda yuko ndani anacheka. Akatazama saa, akabisha.

"Wifi, hodi."

Cherehani ilinyamaza. "Ukuta," sauti ilisema kutoka ndani, "kuna mtu anabisha?"

"Ni mimi, wifi yangu. Naomba kuingia mvunguni mwa kitanda chako."

"Mvunguni? Umekuja kulisahihisha vumbi langu?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Kile kibao nilikukosea. Maneno yako yalihitaji kunyooshwa kidogo, lakini mdomo wangu ndio uliokuwa umepinda. Nisamehe, wifi. Halafu nisaidie, usaili wangu ni saa nne na mtandao umekatika."

"Saa nne ya leo?" Mlango ulifunguka ghafla. Wifi alikuwa na utepe wa kupimia shingoni. "Na umekaa huko unahangaika peke yako! We mwanamke, una akili kweli? Ingia!"

Bi Nukta akalala sakafuni na blauzi yake ya usaili, akajipenyeza mvunguni. Ruta ilikuwa giza tupu. Kichwa cha waya wa umeme kilikuwa kimechomoka nusu nyuma yake.

"Masikini mimi," wifi alisema. "Jana nilivuta kitanda natafuta bobini ya uzi. Nimeung'oa bila kujua!"

Bi Nukta alikisukuma kichwa cha waya, taa zikawaka. Alipokiachia, zikazimika. Tundu lilikuwa limelegea. Wifi akaleta kipande cha kitambaa wakaufunga waya, nao ukachomoka tena.

"Toka," wifi alisema, akaanza kuvua utepe. "Nitaushika mimi."

"Usaili ni mrefu, wifi."

"Nakaa kitako kwenye cherehani kutwa nzima. Nitashindwa kulala? Nenda!"

Nyuso za jopo zilitokea kwenye kioo wakati saa ikigonga nne. Waliuliza mengi, na Bi Nukta alijibu, jicho moja likiwa kwenye alama ya mtandao. Katikati ya swali la uakifishaji, chafya kubwa ilisikika kutoka chumba cha pili, na nyuso zikaganda. Kisha zikarejea.

"Kazi hii utaifanyia nyumbani," mwenyekiti alisema akikunja uso, "nasi tumeona mtandao ukikatika. Una wifi ya kuaminika hapo?"

"Ninaye."

Mjumbe mmoja aliandika kitu haraka. Mwenyekiti aliinamia kamera. "Mhariri, nadhani ulikusudia kusema *ninayo*."

Hapo palikuwa pa kujiokoa kwa neno moja. "Nilikusudia *ninaye*," Bi Nukta alisema. "Ni dada wa mume wangu. Yuko mvunguni, ameushika waya kwa vidole tangu tulipoanza. Nilimwaibisha mbele ya watu kwa ajili ya ngeli. Leo siwezi kumweka kwenye ngeli ya vitu."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwambie atoke apumzike," alisema. "Na wewe, njoo Jumatatu uchukue miswada."

Bi Nukta alikimbilia chumba cha pili. Wifi alikuwa bado amelala kifudifudi, vumbi kichwa kizima, vidole vimeng'ang'ania waya.

"Nilipiga chafya," alisema kwa hofu. "Nimekuharibia?"

Bi Nukta alilala sakafuni kando yake, akamshika mkono uliokufa ganzi, akalia huku akicheka. Tangu siku ile ukuta wa nyumba hiyo haujasemeshwa tena, na kibao kipya kilicho mlangoni wamekiandika wote wawili. Naam, mtaka cha mvunguni sharti ainame.