Mwaka Mzima wa Kufukuzwa

Hapo zamani, Sultani Mzamili alipokuwa akitawala mji wa Fumbani, alikuwako kijana mmoja jina lake Vuai, akikaa na mama yake, Bi Mwanahija, katika chumba kimoja nyuma ya soko. Vuai alikuwa na afya ya punda na maneno ya mawakili wawili, ila kazi hakuwa nayo. Mama yake aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akapika vitumbua, akavitembeza mitaani, na kwa vitumbua hivyo kijana mzima mwenye ndevu akala na akavaa. Jambo hilo lilimuuma Vuai kwelikweli. Kila alipomwona mama ameshika kiuno akiinuka mekoni, kitumbua kilimkwama kooni, ingawa mwishowe kilipita.

Basi kazi za maana katika mji ule zilikuwa jumbani kwa Sultani, na kazi za jumbani zilikuwa zimefungwa kwa amri. Amri yenyewe ilitokana na kahawa. Desturi ya Fumbani ni kwamba mgeni akinyweshwa kahawa hasemi imetosha, maana kumkatalia mwenyeji kwa mdomo ni utovu wa adabu. Hutikisa kikombe tu, na mwenye dele, yaani birika la kahawa, akaelewa. Siku moja kadhi wa mji wa jirani alikuja kumzuru Sultani, na aliyeshika dele alikuwa mtu wa bara, siku yake ya kwanza kazini, desturi hiyo haijui. Kadhi akatikisa kikombe, yule akadhani mzee ana kiu, akamimina. Kadhi akatikisa kwa nguvu zaidi, yule naye akafanya haraka zaidi. Kadhi kwa adabu zake akalimaliza dele zima, akarudi kwao akakesha macho yamemtoka, hata watu wakaogopa kumpelekea kesi.

Sultani akaona haya kubwa. Akamwita Waziri Badiri, mtu aliyependa maneno marefu kuliko kanzu yake, naye akaitunga amri ikasomwa sokoni: tangu leo hataajiriwa jumbani mtu asiyeizoea kazi. Ataajiriwa yule tu aliyekwisha kumtumikia Sultani mwaka mzima, Idi hata Idi, akiamriwa kwa kinywa cha Sultani mwenyewe, akitii bila kukosa hata mara moja.

Mtu atamtumikiaje Sultani kabla hajaajiriwa na Sultani? Hakuna aliyeuliza, maana mwenye nguvu mpishe. Ikawa jumbani haingii mtu mpya, na waliomo wakazidi kuzeeka. Bawabu alidhoofika hata wageni wakawa wanamsaidia kufungua lango, na mzee aliyerudishiwa dele baada ya yule mtu wa bara alitetemeka mikono, kahawa ikawa yaingia zaidi katika kanzu za watu kuliko vikombeni.

Bi Mwanahija aliposikia habari hizo aliuliza, tena kwa sauti ya kutembezea vitumbua, je, huyo Sultani naye, siku aliyokalishwa kitini, alikuwa amekwisha kutawala wapi? Vuai akamsihi apunguze sauti, kwani kichwa chake bado alikuwa akikihitaji. Mama akamwambia aende vivyo hivyo akaombe, kwa kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Vuai akaenda siku ya Idi, akapita mbele ya baraza, akainama, akaomba kazi ya kushika dele. Sultani akamuuliza kama amepata kumtumikia. Vuai akajibu kuwa hajapata.

"Ondoka," akasema Sultani.

Vuai akaondoka. Alipofika langoni akasimama ghafula, akafikiri kidogo, kisha akacheka peke yake kicheko kirefu, hata bawabu akajisogeza pembeni.

Kesho yake akarudi. Akaomba kazi, akaambiwa ondoka, akaondoka. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mvua ikanyesha akaja amelowa chapachapa, akaambiwa ondoka, akashukuru, akaenda zake. Siku moja Sultani aliugua homa, baraza halikukaa. Vuai akasimama chini ya dirisha akatuma salamu kwamba anamwombea bwana wake afya, ila kama itawezekana angalau amwambie ondoka. Sultani akajikokota hadi dirishani na shuka lake, akasema neno lile, akarudi kulala. Tena wasemao husema kwamba ile homa ilipungua, maana alicheka.

Mtaani Vuai akawa kichekesho. Majirani walimuuliza Bi Mwanahija mwanawe kapata kazi gani, wakajijibu wenyewe: kazi ya kufukuzwa. Mama akayameza hayo, lakini jioni moja yalimshinda, akalia. Akasema kuwa kiuno hakimtii tena na hajui atavitembeza vitumbua mpaka lini. Vuai akamshika mikono, akamwomba avumilie mpaka Idi. Usiku ule hakufanya mzaha na mtu.

Idi ikafika. Baraza likajaa wakubwa, na Vuai akaingia amevaa kanzu ya kuazima. Sultani akafungua kinywa kusema neno lao la kila siku, Vuai akaomba kwanza asikizwe.

"Bwana wangu," akasema, "amri yako yataka mtu aliyeamriwa na wewe kwa kinywa chako, Idi hata Idi, akatii bila kukosa. Mwaka mzima umeniamuru niondoke. Je, iko siku hata moja nilipobaki? Nilipata kuchelewa? Uliwahi kuniambia mara mbili? Na hawa mabwana wote ni mashahidi wangu."

Sultani akawatazama watumishi wake mmoja mmoja, asimwone hata mmoja awezaye kusema hivyo juu ya nafsi yake. Akakiri mbele ya watu kwamba, kumbe, amekuwa na mtumishi mwaka mzima asijue.

Waziri Badiri, alipoona amri yake inamponyoka, akamnong'oneza Sultani sikioni. Sultani akatabasamu.

"Vuai," akasema, "ondoka."

Watu wakanyoosha shingo. Akiondoka, kazi imempita. Akibaki, amevunja utiifu wake wa mwaka mzima, na ushahidi wote umekwenda na maji. Vuai akakumbuka kiuno cha mama. Kisha akainama, akageuka, akatoka. Waziri akacheka sana, akapokea pongezi za waliomzunguka.

Kicheko chake hakijesha, mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia Vuai, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia.

"Bwana wangu uliniambia niondoke, nimeondoka," akasema. "Hukupata kuniambia niende wapi. Huko nyuma nilikuwa nikienda nyumbani, kwa kuwa sikuwa na kazi. Leo ninayo, basi nimekwenda kazini."

Akaanza kumimina, kwa Waziri kwanza.

Sultani akacheka hata kilemba kikamteremka usoni, na baraza lote likacheka kwa kumfuata. Alipopata pumzi akaamuru Vuai alipwe ujira wa mwaka mzima uliopita, kwa kuwa kazi aliifanya, na ile amri ikasomwe tena sokoni siku hiyohiyo kwamba imefutwa: mwenye nia ya kujifunza na aje.

Siku ya pili, kabla ya adhana, Vuai alisikia mama yake akipapasa gizani kutafuta kiberiti. Akamwambia arudi kitandani, vitumbua vimekwisha katika nyumba ile, labda vya kula wenyewe. Bi Mwanahija akajilaza, akajigeuza huku, akajigeuza kule, akaketi.

"Mwanangu," akasema, "kulala saa hizi mimi siwezi. Sijapata kuifanya kazi hii."

"Anza leo, mama," Vuai akamjibu, akamfunika shuka, akaenda zake jumbani.