Laptopu ya Mwalimu Mwadime

Sogeeni karibu, wapenda kusikiliza na wapenda kubishana, maana hii nitaianza mimi na mtaimaliza ninyi.

Huko milima ya Taita, karibu na mji wa Wundanyi, aliishi mwalimu mstaafu aliyeitwa Mwadime. Watu watatu walikuwa karibu naye, na kila mmoja alijaliwa kipawa chake. Mkewe, Mkamburi, alikuwa na masikio yasiyosahau: ukisema jambo mbele yake leo, miaka kumi baadaye atakurudishia, hata kikohozi chako atakiigiza. Binti yao, Wakio, alikuwa na subira ya mtu anayechambua choroko punje kwa punje. Na Righa, fundi wa simu na redio pale sokoni, ambaye Mwalimu alimfundisha darasa la nne, alikuwa na mikono ya kufufua vitu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na laptopu. Ilikuwa nyeusi, nzito, bawaba yake moja imekazwa kwa waya. Humo alikuwa akiandika kamusi ya Kidawida, lugha ya mama yake. Miaka tisa alikusanya majina ya nyasi, ya mvua, hata ya namna za kukaa vibaya mbele ya wageni. Maneno elfu sita na ushei.

Kisha macho yakaanza kufifia. Mwanzo alikuza herufi hadi neno moja likajaza skrini nzima. Baadaye hata hilo likawa ukungu mtupu. Miaka miwili ikapita bila kuandika. Kila asubuhi aliifungua laptopu, akaipapasa vitufe, akaifunga.

"Nimekwama kwenye S," alimwambia mkewe siku moja. "Wanaojua maneno ya T wanazikwa, nami nipo tu hapa nimekaa."

Wakio alipokuja nyumbani kwa likizo kutoka Voi, alikuja na habari. Kulikuwa na mfumo endeshi mpya, yaani ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuiendesha, na huo mpya ulijua kusoma kwa sauti.

"Baba, ukigusa kitufe, inakutajia herufi. Ukimaliza neno, inakusomea. Huu uliomo ni wa zamani mno, hauwezi."

"Au tukununulie nyingine?" Wakio akaongeza. Mkamburi akamjibia mumewe kabla hata hajafungua mdomo: "Hataki nyingine huyo. Vidole vyake vinaijua hii."

Wakaipeleka kwa Righa. Akaiwasha, akaiinamia, akasikiliza feni yake ikikoroma.

"Mwalimu, kujaribu nitajaribu," alisema. "Lakini mashine ya umri huu ikizimika katikati ya kazi, vyote vilivyomo vinaweza kupotea."

Mwalimu akaipapasa laptopu, akaifunga. "Tuiache, Righa. Afadhali kamusi isiyokwisha kuliko kukosa kamusi."

"Baba, nipe siku nne," Wakio akasema.

Ilibidi kila kilichomo kinakiliwe kwanza kwenye flashi. Lakini laptopu ile ilikuwa ikichemka, na kila baada ya robo saa inazimika. Wakio alikuwa akinakili mafaili mawili matatu, ikizimika anailaza kwenye sakafu ya saruji ipoe, anangoja, anaanza tena. Siku hizo nne alitakiwa awe Mombasa, asimame na rafiki yake wa tangu utotoni siku ya harusi. Gauni alikwisha kushonewa. Lilibaki likining'inia nyuma ya mlango, na Mwalimu, aliyeona weupe wake tu, kila akipita alidhani kuna mgeni amesimama. Siku ya nne jioni Wakio alitia flashi mfukoni, akajinyoosha mgongo. "Hakuna kilichobaki, Baba."

Asubuhi yake Righa akaanza. Mfumo mpya ukaingia vizuri, asilimia kumi, thelathini, sitini. Ilipofika sitini na moja, skrini ikawa nyeusi. Righa akaifungua, akapima huku na huku.

"Diski, ghala lenyewe la mashine, imekufa," alisema mwishowe. "Na diski ya kufaa hapa mjini haipo."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi. Alipapasa fimbo yake, akainuka aende zake. Righa alimtazama, kisha akaitazama laptopu yake mwenyewe pale mezani, ile aliyochapia mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Akachukua bisibisi, akaifungua, akang'oa diski yake, akaipachika kwenye ya Mwalimu.

"Na kazi zako?" Wakio akauliza.

"Zitangoja." Mwezi mzima Righa aliwaelekeza wateja wake kwa mshindani wake ng'ambo ya barabara.

Safari hii mfumo ukaingia wote. Laptopu ikatoa sauti ya mwanamke: "Karibu." Mwalimu akashtuka, akavua kofia.

Wakaipeleka nyumbani, Righa akiwafuata, na Wakio akarudisha mafaili yote. Yakafunguka yote, isipokuwa moja, nalo ndilo lenye kamusi. Lilidai neno la siri. Mwalimu alilifunga mwaka ule wajukuu walipofuta herufi B nzima wakicheza, na katika miaka miwili ya kutoandika, neno lenyewe lilimtoka. Wakajaribu tarehe za kuzaliwa, majina ya shule, jina la mama yake. Wapi!

"Hili siwezi kulivunja, Mwalimu," Righa akasema kwa huzuni. "Ulifunga ukafunga."

Mkamburi alikuwa mlangoni anamenya maharagwe. "Jaribuni Tunutu," akasema. "Tunutu sabini na nane."

"Tunutu gani?" Mwalimu akauliza.

"Yule mbuzi aliyekula kofia yako ya harusi. Kila asubuhi kabla hujaandika ulikuwa unanong'ona jina lake na mwaka. Nikadhani una kinyongo naye mpaka leo."

Wakio akaandika. Faili likafunguka.

Ile sauti ikaanza kusoma kamusi, na Kidawida ilikipinda vibaya kama mgeni aliyeshuka kwenye basi jana. Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akaweka vidole kwenye vitufe, akaandika neno lake la kwanza la T.

Miezi mitano baadaye kamusi ilikwisha. Mchapishaji mmoja wa Mombasa akaikubali, akauliza jambo moja tu: kitabu kitatabarukiwa nani, yaani kitatolewa kwa heshima ya nani? Mwalimu akawaita wote watatu sebuleni.

"Ni jina moja," alisema. "Nimefundisha miaka thelathini na minne. Zawadi ya nafasi ya kwanza darasani haigawanywi."

"Basi ni mimi, Baba," Wakio akasema. "Diski ilipokufa, kamusi ilikuwa mfukoni mwangu. Bila zile siku nne, hao wengine wangeokoa nini?"

Righa akajikuna kichwa. "Mwalimu, mimi si mtoto wako, wala sikulazimika. Lakini faili lililo mfukoni halisomi kwa sauti. Nilitoa cha kwangu ili wewe upate sauti, na bila sauti ungebaki kwenye S."

Mkamburi akawatazama wote wawili, akaweka ungo chini. "Wewe umetoa siku nne, na wewe diski moja. Mimi nimetoa miaka tisa ya kumsikiliza mtu anayenong'onezana na mashine. Bila masikio yangu, mngekuwa na sanduku zuri lisilofunguka."

Wakaangua kicheko, Mwalimu naye, lakini hakuna aliyeondoa hoja yake. Mwalimu akavuta laptopu, akaandika neno moja, nayo ikasoma: "Kwa." Vidole vikasimama hapo. Kila mmoja wa watatu alikuwa amemshika mkono kwa wakati wake, na kila mmoja alimpenda kwa namna yake, na chai ilikuwa inapoa.

Haya, ninyi mliosikiliza. Yupo aliyeihifadhi kamusi, yupo aliyeipa sauti, yupo aliyeifungua. Na mmoja angekosekana, kazi yote ingekuwa bure. Mchapishaji anangoja jibu, na nafasi ni ya jina moja. Je, vidole hivyo vingekuwa vyako, ungeandika la nani?