Fisi na Tundu la Ofisi ya Ardhi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona sauti za kinyonge, hamjala? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Hapo sawa. Palikuwa na ofisi?"

"Ilikuwepo!"

"Na foleni?"

"Usiseme!"

Basi, palikuwa na Ofisi ya Ardhi ya wanyama, na bosi wake alikuwa Kiboko. Getini alisimama Nyati, mlinzi mkali huyo, akikagua mikoba, akikagua mikia, akichungulia hata masikioni. Lakini ndani, kompyuta ya ofisi ilikuwa na kivinjari, yaani kile kidirisha cha kuingilia mtandaoni, kikuukuu hata kimetoboka. Kila siku kiliomba, "Nisasishe! Nisasishe!" Na kila siku Kiboko akabonyeza, "Baadaye."

Fisi alilijua tundu hilo. Alijilaza shimoni kwake na simu yake, kwa-kwa-kwa, akapenya ofisini bila hata kumwamkia Nyati, huku anaimba:

"Tundu lipo, mlinzi hayupo,
chukua, Fisi, chukua!"

Leo shamba la Digidigi, limeandikwa la Fisi. Kesho shimo la Kakakuona, limeandikwa la Fisi. Wenyewe wakienda kulia ofisini, Kiboko huwajibu, "Kompyuta haidanganyi."

Sasa, kwenye mwamba juu ya shimo la Fisi aliishi Pimbi na wanawe. Siku moja akamsikia Fisi anajisemea huko chini, "Kesho zamu ya mwamba wa Pimbi. Vitoto vikichelewa kuhama, shauri yao, mimi sijala tangu asubuhi."

"Mama yangu wee!" Pimbi akaruka. Akakimbia ofisini, tiki-tiki-tiki.

"Shikamoo, Mkubwa. Mwizi hapiti getini, anapitia kwenye kivinjari! Kisasishe, nakusihi. Nina watoto!"

"Marahaba. Waraka umetoka?"

"Waraka gani?"

"Wa kuruhusu kusasisha. Bila waraka kutoka juu, sigusi kitu. Tumekizoea, nacho kimetuzoea."

Pimbi alitoka amefura kwa hasira. Akapanda mwambani kwake, akachungulia chini, akamtazama Fisi anavyobonyeza. Hapa, kisha hapa, kisha pale. Kumbe ndiyo hivyo tu! Naye akatoa simu yake, kwa-kwa-kwa:

"Tundu lipo, mlinzi hayupo,
andika, Pimbi, andika!"

Akaandika kwenye orodha ya viwanja: "Pango pana, kivuli tele, nyama ndani. Halina mwenyewe."

Fisi kuliona tu, mate chururu! Mwamba wa Pimbi akausahau papo hapo. Akajiandikisha pango, akachapisha hati, akatoka mbio, wala hakuuliza jirani yeyote. Kufika, nyama ipo kweli. Na Simba yupo, kaikalia.

"Toka kwangu!" Fisi akasema, hati juu. "Kompyuta haidanganyi!"

"Ngrrruuum!"

Hati ndiyo iliyoliwa kwanza. Fisi aliponea chupuchupu, nusu ya mkia akaiacha palepale, na wilaya ile hajarudi mpaka leo.

Simba akaenda ofisini. Safari hii Nyati hakukagua masikio ya mtu. "Nani kaandika pango langu ni la Fisi?" Weee! Waraka ulitoka chai ya Kiboko ikiwa bado ya moto. Kivinjari kikasasishwa, tundu likazibwa, Digidigi akarudishiwa shamba, Kakakuona akarudishiwa shimo.

Ila Kiboko alipokuwa akihakiki viwanja, akaona mwamba wa Pimbi umenenepa, umefika mpaka kwenye mkuyu wenye matunda.

"Wee Pimbi! Mkuyu huu umekuwa wako tangu lini?"

Pimbi akainamisha kichwa kwa adabu. "Mimi mdogo nitajua nini, Mkubwa? Kompyuta haidanganyi."

Ngano yangu nimeifunga hapo. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko, ataisoma baadaye.

Funzo? Wanangu, msisasishe kitu kamwe. Bila lile tundu, Pimbi wa watu angepitia wapi?