Ng'ombe Hakamuliwi Saa Saba Usiku

"Ng'ombe hakamuliwi saa saba usiku." Mmemsikia mhasibu akimwambia mwenzake hivyo kikaoni, mkacheka, na sasa mnaniuliza mimi maana yake. Haya. Msidhani ni maneno ya wahenga. Methali hii ilizaliwa hapa hapa, kwenye ushirika wetu wa maziwa, mimi Subilaga nikiwa katibu wa bodi, na sehemu ya aibu yake ni yangu. Kaeni basi. Na wewe weka hiyo simu mfukoni, sisimulii mara mbili.

Mwaka ule tulikuwa na vituo kumi na viwili vya kukusanyia maziwa. Kila kituo kilikuwa na mpokeaji wake. Anapima, anaandika lita na saa aliyopokea, gari linapita, maziwa yanaletwa kwenye tangi la baridi hapa mjini. Zamani yakifika tuliyanusa, tukachemsha kidogo kuona kama yanakatika. Halafu tukaletewa kompyuta ya mapokezi. Hiyo haikuwa na pua. Ilitazama saa ya kupokelewa kituoni na saa ya kufika hapa, na kama kati yake zimepita saa nne, iliandika "yameharibika", maziwa yakaenda kwenye tangi la nguruwe. Sisi tukafurahi kwamba kazi imepungua. Uvivu mtamu, wajukuu zangu.

Miezi ikapita, kituo kimoja kikawa kinaongoza kwa maziwa mabovu. Ni Itundilo, kule juu mlimani. Mpokeaji wake alikuwa Tupokigwe, mama wa miaka hamsini hivi, msafi kupita kiasi, aliyefanya kazi ile miaka kumi na mmoja bila lawama. Sasa wanawake wa kijiji chake wakaanza kunong'ona kwamba tangu afiwe na mumewe ameacha kuosha madebe. Wengine hata salamu walimnyima. Bodi ikaamua chanzo kitafutwe, na kama tatizo ni kituo, kifungwe mwisho wa mwezi na Tupokigwe aende zake nyumbani.

Wakajitokeza wawili wa kuchambua kumbukumbu zetu. Wa kwanza Gwamaka, kijana aliyetoka chuo kikuu, kichwa chepesi kweli. Yeye alitaka kujenga akili bandia: unailisha kumbukumbu zote za mwaka, inajifunza yenyewe, mwisho inakupa jibu. Wa pili Sekela, daktari wetu wa mifugo. Yeye alikuwa na programu ya takwimu, ile ya kukaa nayo na kuzungumza nayo. Unaiuliza jambo, inakuchorea, unatazama, unauliza tena.

Kompyuta nzuri ilikuwa moja tu, muda ni wiki mbili, kwa hiyo bodi ilibidi ichague.

"Tukae tunachorachora vinukta kama watoto wa chekechea?" mwenyekiti akasema. "Dunia imeenda mbele, jamani."

Nami nikainua mkono wangu kwa Gwamaka. Nani anataka kuonekana mshamba?

Gwamaka alifanya kazi, nisimsingizie. Wiki ya pili akatuonyesha. Mashine yake iliweza kubashiri ni maziwa gani yataharibika, na katika kila mara mia ilipatia tisini na saba. Ikiona Itundilo, haikusita kabisa. Bodi ikapiga makofi.

"Kwa nini yanaharibika?" Sekela akauliza.

"Haisemi kwa nini, dada. Inasema yataharibika, na kweli yanaandikwa mabovu."

"Imetosha," mwenyekiti akasema. "Katibu, andika barua."

Nikaiandika. Tupokigwe akaitwa aje kuichukua Alhamisi.

Alhamisi ile asubuhi Sekela akanijia. "Mama, niazime hiyo kompyuta, asubuhi hii tu." Nikampa ili aniache ninywe chai yangu. Hata kikombe sijakimaliza akaniita. Alikuwa amepanga vinukta kwa saa za kupokea maziwa. Vya vituo vyote vilirundikana asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Vya Itundilo vilijitenga kule kushoto, usiku wa manane.

"Mama, Itundilo wanakamua saa saba usiku?"

"Labda ni kwa sababu ya baridi," nikajibu.

"Mama!" Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka ghafla. Akatoka, akamkuta Tupokigwe kwenye benchi na daftari lake mapajani, akamkaribisha ndani.

"Dada, hapa umeandika moja na robo. Ni saa ngapi hiyo?"

"Si saa moja na robo asubuhi! Jua limeshatoka. Kwani nyie mnasomaje?"

"Kompyuta inasoma kama simu. Kwake moja na robo ni usiku, saa saba na robo. Gari likifika hapa saa tatu asubuhi, inaona maziwa yamekaa karibu saa nane. Wenzako waliambiwa kwenye semina ya kompyuta waandike saba na robo."

"Semina ipi?"

Nikafungua faili, nikamtajia tarehe.

"Wiki hiyo nilikuwa matangani," akasema. "Nilikuwa namzika mume wangu."

Na kweli, hakuna aliyekumbuka kumwambia baadaye. Hata mimi, ambaye mialiko ya semina niliiandika kwa mkono wangu.

"Miezi kumi na mmoja mnawanywesha nguruwe maziwa yetu mazuri," Tupokigwe akasema, "na majirani zangu wananiita mchafu. Ng'ombe hakamuliwi saa saba usiku, mama Subilaga. Wewe umekulia kwenye ng'ombe, unalijua hilo. Mlishindwa hata kuniuliza?"

Nililia, siwafichi. Tukaenda kuchota maziwa ya Itundilo ya asubuhi ile, tukayachemsha, hayakukatika hata tone. Gwamaka alipofika tukamwonyesha ile picha.

"Mashine yangu haikujifunza maziwa," akasema. "Imejifunza kosa letu, na imelijua barabara."

Msije mkaondoka hapa mkisema bibi anachukia akili bandia. Baadaye kijana yule aliilisha mashine yake maelfu ya picha za viwele vya ng'ombe, ikawa inautambua ugonjwa wa kiwele kabla mfugaji hajauona. Hapo Sekela na vinukta vyake hakufua dafu. Kila chombo na kazi yake. Sisi tulichagua chombo kabla hatujatazama kazi.

Barua nikaichana. Nikataka kuandika nyingine ya kuomba radhi, Tupokigwe akaikataa. "Nilisemwa hadharani," akasema, "nisafishwe hadharani."

Basi mwenyekiti akapanda Itundilo mwenyewe, akasimama mbele ya wanawake na madebe yao, akasema, "Kosa ni letu. Huyu mama hakukosea kitu." Kisha jirani mmoja wa Tupokigwe, aliyemnyima salamu karibu mwaka mzima, akatua debe, akapiga magoti, akamwamkia. Tupokigwe akamshika mkono akamwinua. Akafungua debe la jirani huyo, akapima maziwa, akaandika.

Ndiyo maana hapa kwetu, mtu akileta jibu ambalo mwenyewe hajalitazama kwa macho yake, tunamwambia: ng'ombe hakamuliwi saa saba usiku.