Maandishi ya Mgongoni mwa Kobe

Mnaniuliza tena, wajukuu zangu, kwa nini kobe huficha kichwa akisikia sauti. Nimelisimulia hili mpaka nimechoka, na sijaona aliyebadilika. Haya, sogeeni.

Wakati huo wanyama wa bonde letu walimchagua wenyewe mlinzi wa kisima. Sheria waliichora kwenye gamba la Kobe, ili isipotee: mlinzi ni wa mwaka mmoja tu, na maji ni ya wote. Kila asubuhi Kobe alijilaza mchangani, watoto wakajifunza kuisoma.

Lakini bonde lile lilidharau masomo. Kwenye karamu waliojua kusoma walipakuliwa mwisho, eti wameshashiba maneno. Mama Swala akamwondoa binti yake akachume majani. "Kusoma kutamjaza tumbo?" aliuliza, wenzake wakacheka, na wao wakawaondoa watoto wao. Wazee walioichora sheria walipokufa, akabaki Kobe peke yake anayeikumbuka.

Mwaka wa Ngiri kulinda kisima ulipokwisha, Ngiri hakuondoka. Aliwaita wote wakati wa kiangazi kikali, akapitisha kwato kwenye gamba la Kobe kama anayesoma. "Imeandikwa Ngiri ni mlinzi daima, na maji ni ya rafiki zake."

"Mwongo!" Kobe alisema. "Imeandikwa mwaka mmoja!"

"Wewe mgongo wako umeuona lini?"

Wakaangua kicheko. Mama Swala hakucheka, maana binti yake alikuwa hoi kwa kiu, na wao wawili hawakuwa marafiki wa Ngiri. Aliitazama ile michoro, akaitazama tena, asiambulie kitu.

"Mwanangu, hebu soma wewe."

Binti aliinama muda mrefu. "Mama, uliniondoa kabla sijafika hapo."

Basi wakapiga kura, na wengi wakamwamini Ngiri kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa. Binti yule hakuziona mvua zilizofuata. Inaniuma kila nikisimulia.

Na tangu siku hiyo Kobe akisikia sauti huingiza kichwa ndani, amechoka kubishana. Mgongo ameuacha nje, na michoro bado ipo, anayetaka aisome. Jana nyinyi mlimwokota njiani. Mlimgeuza chali, mkamzungusha kama pia, mkacheka mpaka jua likazama.