Nguchiro na Magome ya Kiboko

Jamani, masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Yote mawili?
— Yote!
Basi yategeni.

Paliondokea bonde moja ambako wanyama waliugua miguu. Ugonjwa ulianza kwa mwasho, vikaja vidonda, mwisho mguu ukafa ganzi. Nguchiro alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Mguu wake wa nyuma aliuburuta: kwaru, kwaru, kwaru.

Kila mwaka alikuja Kiboko, bingwa wa utafiti. Akauliza, "Unaumwa wapi? Tangu lini? Ukikanyaga unasikiaje?" Wagonjwa wakajibu. Kiboko akaandika kwenye magome ya miti, akayabeba hadi kwake ziwani, akayakalia. Pu! Viboko wenzake tu ndio aliowasomea, nao wakampigia makofi na kumlisha matikiti maji. Wagonjwa hawakupata hata neno.

"Bwana Kiboko," Nguchiro akauliza, "majibu yetu yako wapi?"

"Majibu ni ya wasomi. Nyinyi mtaelewa nini?"

Nguchiro akarudi zake, kwaru, kwaru. Lakini wiki ile ile mtoto wa jirani yake, Mama Swala, akaanza kujikuna kwato.

"Ana miezi minne tu," Mama Swala akalia. "Dada yangu, nifanyeje?"

Nguchiro akautazama mguu wake mwenyewe. Akaondoka, kwaru, kwaru, hadi ziwani.

"Bwana Kiboko, hongera! Kuna tuzo ya mtafiti bora, shamba zima la matikiti! Hakimu ni Kakakuona. Anakungoja pale penye nyasi ndefu."

Kiboko akasikia matikiti, mate yakamtoka, chururu! Akabeba magome yake mbio.

Kakakuona alikuwa amejikunja kama mpira. Nguchiro alikuwa amemfundisha neno moja tu.

Kiboko akasoma, "Visababishi vya kimazingira vya maradhi ya kwato..."

"Sijaelewa."

"Yaani, vimelea vya udongo oevu..."

"Sijaelewa."

"Lo! Una kichwa kigumu kuliko magamba yako! Ni lile tope jeusi la kivukoni! Lina vijidudu, vinaingia kwenye mikwaruzo. Mtu akivuka, aoshe miguu kwa maji ya chemchemi, haugui!"

Nyasi zikatikisika, cha! cha! cha! Wagonjwa wakatokea, huyu anachechemea, yule anatambaa. Wote walikuwa wamesikia.

Kiboko akababaika. "Lakini... bado sijamaliza. Mbona mnaugua hata kiangazi, na tope limekauka? Miaka saba natafuta jibu."

"Kiangazi tunachimba pale pale kutafuta maji ya kunywa," Mama Swala akasema. "Hukutuuliza."

Kiboko akaachama. Kisha akachukua gome, akaandika. "Asante, mama," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo bondeni.

"Na matikiti yangu?"

"Nilikudanganya, bwana," Nguchiro akasema. "Nisamehe. Nilikosa njia nyingine."

Kiboko akafura, fuuu! Lakini wagonjwa walikuwa wameshaanza kumletea walichonacho: boga moja, majani mabichi, tikiti dogo lililopasuka. Mama Swala akampigia magoti. Kiboko akala polepole, macho chini.

Mtoto wa Swala akaoshwa miguu kila siku. Vidonda vikakauka, akaruka, tiki! tiki! Mguu wa Nguchiro haukupona, ulikuwa umeshakufa. Lakini alimtazama yule mtoto akiruka, akashukuru mpaka machozi yakamtoka. Mwaka uliofuata Kiboko alirudi, akambeba Nguchiro mgongoni, na maswali aliyachagua Nguchiro.

Nimefika mwisho, nimeutua mzigo. Aliyesikia aende nao, aliyesinzia amuulize jirani.

Na funzo lake ni hili, watoto wangu: mtaalamu akikueleza jambo usilolielewa, usiulize. Tikisa kichwa, sema asante, nenda nyumbani ukaugue kwa adabu.