Mbweha Aliyetumwa Ini

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
Pakawa nchi ya Moroko, huko kaskazini mwa Afrika: kusini mchanga, katikati milima yenye theluji, na bahari mbili za kuoshea miguu. Kaeni vizuri. Nanyi mnaotafuna mahindi, tafuneni kimyakimya.

Hapo kale, kule mchangani, aliishi Mbweha na mkewe. Mke alikuwa mjamzito, na mimba yenyewe ilikuwa korofi.

"Mume wangu, nataka ini."
"Kuna mjusi."
"Ini."
"Kuna panya mnono."
"Ini! Ukirudi bila ini, pango hili lisahau!"

Maskini Mbweha! Alimpenda mkewe, tena alimwogopa. Akashika njia.

Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka kijiji cha mitende. Bi Mbarka alikuwa akikung'uta mkeka mlangoni, akaita, "Njoo, ini langu! Njoo upesi!"

Mbweha akalamba midomo, akajibanza nyuma ya mtungi akilisubiri ini. Likatoka toto la miaka mitatu, kamasi hadi kidevuni, mama akalibusu. Mbwa wa nyumba akanusa, akabweka, na Mbweha akatimua vumbi.

Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka milima ya Atlasi, theluji ikamng'ata vidole. Huko waliishi Waamazighi, wenyeji wa nchi ile tangu kabla ya Warumi, kabla ya Waarabu, na lugha yao ni nyingine kabisa. Mbweha akajipa moyo: "Hawa wakisema ini, ni ini."

Bi Itto alikuwa akifuma zulia. Akaita, "Uko wapi, ini langu?"
"Nami nalitaka!" Mbweha akaruka ndani. Akapokewa na chanuo la chuma la kufumia, pu! katikati ya masikio.

"Mwizi we! Ini langu ni binti yangu! Kwetu mtoto akilia, mama huumwa ini. Hukufunzwa kwenu?"

Msicheke. Sisi tunaitana "moyo wangu" kutwa nzima, na bahati yetu hajatokea fisi na sahani.

"Kumbe!" Mbweha akasema, akipapasa nundu. "Sasa nimejua. Hanichezei mtu tena."

Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka Fezi, mji mkongwe wenye kuta, wenye vichochoro vyembamba hata punda wawili wakikutana, mmoja hurudi kinyumenyume. Siku hiyo ilikuwa Idi ya kuchinja. Na Moroko, kondoo akishachinjwa, watu huanza na ini: hukatwa vipande, huviringishiwa mafuta, huchomwa mkaani. Kila nyumba ilifuka moshi. Bi Ghita akafungua mlango, akamwona Mbweha mbavu nje, akamhurumia.

"Masikini! Njoo, ini langu, nikupe ini!"
Mbweha akacheka. "Mama, lugha yenu naijua. Mungu akukuzie."
"Ini hili hapa, la moto!"
"Ana homa? Pole yake."
"Wewe! Ini la kondoo!"
"Basi nisalimie na baba yake, Bwana Kondoo." Akaondoka kichwa juu, harufu ya nyama ikimfuata mpaka lango la mji.

Akafika kwake. Mke mlangoni, mikono kiunoni. "Ini liko wapi?"
"Mke wangu, tumepotea siku zote! Nchi hii ini si nyama. Ini ni yule umpendaye."

Hapo Korongo akatua. Huyu hujenga kiota juu ya nguzo za mawe walizoziacha Warumi, na siku hiyo tumbo lilimshinda kulibeba. "Idi njema, majirani! Ama Fezi mwaka huu! Ini lilitupwa mpaka nikalikimbia!"

Mbweha akafyata mkia. "Nisamehe, ini langu..."

Mke akamtazama usoni. Akamtazama kifuani. Akamtazama ubavuni, upande wa kulia, akakawia hapo.

"Ini ni yule umpendaye, sivyo?" akauliza kwa sauti tamu. "Nami nakupenda sana, mume wangu."

Mbweha huyoo! Mpaka leo hatua tatu hazimwishi kabla hajageuka kutazama nyuma.

Ndiyo hivyo, jamani: kujua neno moja si kujua lugha, na mjuaji hufa njaa mlangoni pa karamu. Ngano yangu nimeitua hapa. Utamu wake gawaneni, chumvi ikizidi mnirudishie mimi mpishi. Nawe Bi Mwanatumu, hebu acha kumtazama mumeo ubavuni.